Nani Alitangulia Njiani?

Ndugu msomaji, habari hii ilianzia kijiweni, kama zinavyoanza habari nyingi za vijana wa mjini. Tulikuwa Kariakoo, jioni, kahawa chungu mkononi na kashata moja tunagawana watu wanne. Jamaa mmoja akachomoa simu akatuonyesha picha alizotumiwa na ndugu yake anayefanya kazi kwenye meli za watalii. Jamaika, akasema. Asubuhi watalii wanapelekwa kwenye maporomoko ya Dunn's River, wanapanda mawe wameshikana mikono kama watoto wa chekechea, kiongozi mbele. Mchana wanatiwa kwenye boti, wanashushwa kisiwani, wanaogelea. Jioni wanarudi melini wamelowa na wameridhika. Siku moja tu, kila kitu kimelipiwa.

Jamaa akafunga simu, akapiga funda la kahawa, akatoa hukumu: "Wenzetu wana mambo. Sisi tuna foleni."

Mimi mama yangu ni mtu wa Ifakara. Nikawaambia, bwana wee, maporomoko tunayo, kisiwa tunacho, na kiongozi yupo. Wakanicheka. Ifakara? Kule kwenye mchele na mbu? Maneno yakaniingia. Nikaapa pale pale kwamba nitakwenda, nitaifanya hiyo safari yao ya Karibiani katika bonde la Kilombero, siku moja, asubuhi maporomoko na jioni kisiwa, na nitarudi na ushahidi.

Nilikwenda na nikarudi. Lakini kilichorudi nami sicho nilichokifuata, ndiyo maana nimeona niandike.

*

Tuanze na ramani, kwa faida ya wale ambao Morogoro kwao inaishia stendi ya Msamvu. Ukitoka Mikumi ukashika njia ya kusini unafika Kidatu, na kutoka Kidatu hadi Ifakara ni kama kilomita 67. Zamani njia hii ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Siku hizi ni lami. Upande mmoja umesimama ukuta wa milima ya Udzungwa, kijani kibichi, kilele kimevaa wingu. Upande wa pili bonde limelala tambarare: miwa, mpunga, migomba, kisha majani mpaka macho yachoke. Katikati, sambamba na barabara, inapita reli ya TAZARA.

Hakuna kitu katika bonde hili kisicho na historia. Miwa ile ni ya mashamba ya sukari yaliyoanza miaka ya mwanzo ya 1960. Reli ilianza kujengwa Oktoba 1970, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia. Mang'ula palikuwa na kambi kubwa na karakana ya Wachina. Na Ifakara yenyewe, mji tunaoutania kwa mbu, umekuwa na maabara ya utafiti tangu 1957, ilipoanzishwa na Mswisi Rudolf Geigy; leo ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara, na wataalamu wa malaria wa dunia nzima wanaijua kuliko tunavyoijua sisi tunaoumwa malaria yenyewe.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani asubuhi ile ya Agosti, saa kumi na mbili na nusu, nikiwa nimebanwa kwenye gari kati ya gunia la mchele na mama mmoja aliyebeba kuku wawili. Nilijiona mjuaji. Ningeweza kumwongoza kiongozi.

*

Maporomoko ya Sanje yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, kaskazini ya Mang'ula. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na tofauti yake na Mikumi au Serengeti ni hii: hapa huzunguki kwa gari. Unatembea. Ukitaka kuona kitu, miguu yako ndiyo tiketi ya pili baada ya ile ya getini. Na huendi peke yako, lazima uwe na kiongozi.

Wetu alikuwa kijana wa rika langu, mwembamba, viatu vimelika kisigino. Tulikuwa watu watano: mimi, Wajerumani wawili, na wanafunzi wawili wa Morogoro. Akatuita "kaka" na "dada" sote, hata Wajerumani, akatangulia.

Njia inapanda mara moja, bila kukupa nafasi ya kuvuta pumzi. Baada ya dakika ishirini mjuaji wa Dar nilikuwa nimeshika kiuno. Kiongozi alikuwa anatembea kama anakwenda dukani kununua chumvi, huku anaongea. Mti huu unaitwa hivi, gome lake linafanya hivi. Ile sauti juu ni mbega mwekundu. Kisha, kwenye kona moja, akasimama, akainua kidole. Mbali, upande wa bonde la pili, kulikuwa na mlio mzito, kama mtu anacheka ndani ya mtungi.

"Huyo," akasema, "ni mangabei wa Sanje. Hapatikani popote duniani isipokuwa milima hii. Aligunduliwa mwaka 1979 na watafiti wawili, Homewood na Rodgers."

Wajerumani wakaandika. Mimi, kwa sababu nilikuwa natafuta kisingizio cha kupumzika, nikauliza: "Aligunduliwa vipi?"

Na hapo, ndugu msomaji, safari yangu ikageuka.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1979 watafiti hao walikuwa katika msitu wa Mwanihana, huu huu tuliokuwa ndani yake, kabla haujawa hifadhi ya taifa. Wakasikia mlio wasioujua. Wakamuuliza mwenyeji waliyekuwa naye: huyu ni nani? Naye akajibu bila kufikiri mara mbili: huyo ni n'golaga. Kwake hapakuwa na ajabu yoyote. Ilikuwa kama umuulize mtu wa Kariakoo ile honi ni ya nini, akujibu ni ya daladala. Wataalamu wakaruka kwa furaha. Mwaka 1986 mnyama akapewa jina la Kilatini na akaingia kwenye vitabu.

"Kwa hiyo," nikasema, "walimgundua baada ya kuambiwa."

Kiongozi akanitazama, akacheka kidogo. "Kaka, mimi nasema kama nilivyofundishwa. Swali hilo watu huwa hawaulizi."

*

Tulivyoendelea kupanda, akili yangu ilikataa kutoka kwenye lile neno. N'golaga. Mnyama alikuwa na jina. Alikuwa na jina, kilio chake kilikuwa kinajulikana, na bila shaka wazee walijua anakula nini na anashuka mashambani mwezi gani. Kilichokosekana 1979 kilikuwa ni karatasi.

Na sio mara moja. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark walikuwa kambini katika misitu ya Udzungwa. Kambini kuna chungu jikoni, na ndani ya chungu wakaona miguu ya ndege ambayo hawakuitambua. Miguu miwili tu, imetoka kwenye mchuzi! Wakaanza kumtafuta mwenye miguu hiyo, wakampata hai msituni: kwale ambaye sayansi ilikuwa haimjui kabisa. Mwaka 1994 akatangazwa rasmi. Jamaa na ndugu zake wanafanana zaidi na ndege wa Asia kuliko kwale wetu wengine, kwa hiyo historia yake ni ya mamilioni ya miaka. Sasa hebu tafakari. Wakati wataalamu wanaandika kwamba ni ndege mpya, mpishi alikuwa ameshaonja na anajua kama anahitaji chumvi.

Tena mwaka 2003, kule Mlima Rungwe, wawindaji walikuwa wanazungumza habari za mnyama anayeitwa kipunji. Watafiti wakafuata maneno hayo, wakamkuta. Mwaka uliofuata timu nyingine, ikiwa inamtafuta n'golaga wetu, ikamwona kipunji huyo huyo katika msitu wa Ndundulu, milima hii hii ya Udzungwa. Mwaka 2005 dunia ikatangaziwa: nyani mpya Afrika. Safari hii angalau walikuwa na adabu. Jina la wenyeji, kipunji, lilibaki, mpaka kwenye Kilatini.

Sisemi watafiti ni wezi. La hasha. Bila wao n'golaga angekuwa ameliwa akaisha bila hata barua ya rambirambi. Sayansi ina kazi yake: kupima, kulinganisha, kuandika ili mtu wa Tokyo na mtu wa Mlimba wawe wanazungumzia mnyama mmoja. Ninachosema ni kwamba katika kila habari hizi kuna mtu anayetembea hatua tatu mbele ya mgunduzi, na habari ikishaandikwa hatumwoni tena.

*

Tulifika kwenye maji kama saa nne na nusu. Kwanza unayasikia, kisha hewa inapoa, kisha msitu unafunguka. Sanje huanguka kwa ngazi tatu, jumla yake mita 170, na ukisimama juu unaona bonde lote la Kilombero limetandikwa chini kama mkeka: miwa, mapaa ya bati, na reli kama uzi. Chini ya ngazi ya juu kuna bwawa. Maji baridi! Niliruka, nikatoka nikipiga kelele ambazo n'golaga mwenyewe bila shaka alizisikia. Wanafunzi wa Morogoro wakanifuata. Kwa dakika kumi hapakuwa na historia wala Wajerumani wala mjuaji wa Dar, watoto watupu wanarushiana maji.

Jamaika wana nini? Hakuna.

Tulipokaa kwenye mawe kujianika, kiongozi akatuambia kwamba si kila maporomoko ya milima hii yana bahati kama Sanje. Nikajua anazungumzia Kihansi, kusini magharibi, kwenye ukingo huu huu. Mto Kihansi huanguka kwenye korongo kabla ya kuingia bonde la Kilombero. Mwaka 1996, wakati mradi wa umeme unajengwa pale, alionekana chura mdogo wa rangi ya dhahabu, anayezaa vyura wadogo waliokamilika badala ya kutaga mayai. Aliishi kwa kunyunyiziwa na maporomoko tu, kwenye eneo la hekta chache. Mwaka 2000 maji mengi yakageuzwa kwenda kwenye mitambo ya megawati 180, manyunyu yakakatika. Mabomba ya kunyunyizia yakawekwa, vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani kufugwa. Kisha ukungu wa maradhi ukawamaliza waliobaki, na mwaka 2009 chura wa Kihansi akaandikwa kwamba ametoweka porini. Wajukuu wa wale waliopelekwa Marekani walirudishwa nchini 2010, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena korongoni.

Taa niliyoandikia karatasi hizi inawaka kwa umeme wa namna hiyo, kwa hiyo sina mdomo wa kulaani. Ila nilijiuliza: korongo lile kabla ya 1996 lilikuwa halina mtu anayelijua? Na kama alikuwepo, nani alimuuliza?

*

Wakati wa kushuka tulikutana na njia nyembamba inayokatiza yetu na kupotelea kichakani. Nikauliza inakwenda wapi. Kiongozi akasema haiendi popote sasa. "Hiyo ilikuwa ya kina mama wa kuni."

Hii nayo ni historia, na haimo kwenye vipeperushi vya utalii. Hifadhi ilipotangazwa 1992, vijiji vilivyobanwa kati ya mlima na mashamba ya miwa havikuwa na msitu mwingine wa kupata kuni. Kwa hiyo, kwa utaratibu ambao ni nadra katika hifadhi za taifa, wanakijiji waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni zilizokauka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikaondolewa. Wahifadhi walikuwa na sababu zao: msitu ulikuwa unachoka, na kwa kisingizio cha kuni walipita pia wenye mitego na wenye mapanga. Wanavijiji walikuwa na sababu zao: ugali haujipiki. Majiko banifu yakaletwa, miti ikapandwa, mjadala ukaendelea.

"Mama yangu alikuwa anaingia," akasema kiongozi, bado anatembea. "Mimi njia hizi nilizijua mgongoni mwake."

Nikasimama. Huyu bwana alikuwa amefundishwa na mama aliyebeba kuni, na leo analipwa kuwaongoza watu kwenye njia ambayo mama huyo hawezi kupita bila tiketi. Hakulalamika. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

*

Tulirudi Ifakara mchana. Njiani, badala ya kusinzia kama wenzangu, nilikuwa na karne nzima kichwani. Kama watafiti walipita hapa 1979, nilikumbuka mwingine aliyepita bondeni 1879. Miaka mia kamili.

Huyo alikuwa Mskoti, Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Msafara ulitumwa na Shirika la Kifalme la Jiografia la London chini ya Keith Johnston. Johnston akafa Behobeho mwezi Juni 1879, kabla hawajafika mbali. Thomson akabaki mkuu wa msafara akiwa hana uzoefu wowote wa Afrika. Lakini wakaendelea, wakapita nchi iliyoitwa Mahenge, wakavuka bonde la Ulanga, ambalo ndilo hili la Kilombero, wakapanda Uhehe mpaka Ziwa Nyasa na kuendelea Tanganyika. Thomson akarudi Uingereza shujaa, akaandika kitabu.

Kijana wa miaka 21, mgeni, bosi wake amekufa, anapita nchi ya vinamasi na wafalme wenye wasiwasi. Alipitaje? Jibu lina jina, na kwa bahati nzuri jina hilo halijapotea: Chuma. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa wapagazi. Alikuwa Myao, aliyekombolewa utumwani 1861 akiwa mtoto, na miaka kumi na miwili baadaye, yeye na Susi na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, mpaka pwani ya Bagamoyo. Mtu huyu aliongea lugha kadhaa, alijua hongo inalipwaje, alijua wapagazi wanagoma lini na wanabembelezwaje. Alikufa 1882. Wengi wetu tuliosoma historia mpaka kidato cha nne tulimkariri Thomson. Chuma tulimkuta, kama tulimkuta, kwenye sentensi moja ya Livingstone.

Lakini hata Chuma hakuwa mtu wa Kilombero. Naye pia, kwenye kila kivuko, alihitaji mtu wa kumwambia: hapa kina ni cha kiunoni, pale kuna mamba. Huyo wa kivukoni hatumjui.

*

Kisiwa sasa.

Usitegemee minazi. Kilombero wakati wa masika huwa ni ziwa: mto unatoka kitandani mwake na kulala bondeni. Kiangazi maji yanarudi, na katikati ya mto vinabaki visiwa vya mchanga mweupe ambapo wavuvi hujenga vibanda vya majani kwa miezi michache. Masika ijayo mto unavifuta, na kiangazi kingine unavichora mahali pengine. Bonde hili tangu 2002 limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na limejulikana kama makao makuu ya sheshe, swala ambaye hapa alikuwa na kundi lililowahi kuhesabiwa kuwa kubwa kuliko yote Afrika.

Tulichukua mtumbwi karibu na daraja. Zamani hapo palikuwa pantoni tu, na foleni ya mabasi ya Mahenge na Malinyi. Pantoni ikiharibika, bonde linakatika vipande viwili. Mei 2018 lilifunguliwa daraja, mita 384, linaitwa Daraja la Magufuli. Mzee wa mtumbwi wetu alikuwa akivusha watu kabla ya daraja. Nikamwamkia shikamoo, akanijibu marahaba, akaniuliza kama najua kuogelea. Nikasema najua. Akasema: "Vizuri. Na kukaa unajua? Maana leo utaogelea nitakapokuambia, na utakaa nitakapokuambia."

Alisimama nyuma, upondo mkononi, hasemi. Tulipita kundi la viboko kwa mbali, akalizunguka. Kwenye kisiwa cha kwanza hakusimama. Cha pili hakusimama. Nikamuuliza kwa nini, pazuri pale. Akaonyesha kwa kidevu mchanga wa ukingoni, umelainishwa kama mtu ameburuta gunia. "Mwenyewe katoka sasa hivi." Mamba.

Cha tatu akasimama. Akashuka yeye kwanza, akatazama, akaonyesha kipande cha maji kama uwanja wa mpira wa wavu, maangavu, yanakwenda mbio juu ya mchanga, kina cha magotini. "Hapo. Maji yanayokimbia na chini unapaona. Pale yaliposimama usiende, kuna kichocho, na usipopaona chini usiende, kuna mwenyewe." Tukaogelea, yeye amesimama amejishika kiuno, macho yake hayakutoka kwenye mto hata mara moja.

Baadaye wavuvi wakatupa perege wa kuchoma, tukala na chumvi na pilipili. Mzee ni Mndamba, na Wandamba na mto huu ni mtu na ndugu yake. Mwaka 1926 jarida moja la wanazuoni huko London lilichapisha maelezo marefu ya Mwingereza aitwaye Hodgson kuhusu mila za uwindaji za Wandamba. Nilimtajia. Akafikiri, akauliza: "Huyo alikuwa mwindaji?" Nikasema hapana, alikuwa mtu wa serikali. "Basi aliambiwa," akasema mzee. Akageuza samaki.

*

Sasa niseme jambo ambalo kijiweni sikulisema.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa bonde hili. Nilipokuwa kidato cha pili mwalimu wa historia alitupa kazi ya likizo: andika historia ya mahali unapotoka. Nikaenda Ifakara na daftari. Babu akafurahi sana, akavuta kigoda, akaanza kunieleza jinsi alivyokuwa anawabebea wapimaji wa reli chuma chao cha miguu mitatu, na jinsi alivyowaonyesha bwawa ambalo wao waliona ni uwanja mkavu, kwa sababu walikuja mwezi wa kiangazi. "Niliwaambia, hapa Aprili mtu anapita na mtumbwi. Wakachora upya."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia: "Babu, mwalimu anataka historia, siyo hadithi."

Akanyamaza. Hakukasirika, alinyamaza tu, akaenda kufunga mbuzi. Mimi nikanakili kutoka kitabuni: tarehe ya mkataba, urefu wa reli, majina ya viongozi watatu. Nilipata alama 18 kati ya 20. Babu alifariki mwaka uliofuata.

Sijui kama alichonieleza kilikuwa kweli yote au kilikuwa na chumvi yake, maana wazee nao wana chumvi. Sitajua. Sikuuliza bwawa hilo liko kituo gani, mwaka gani, aliokuwa nao waliitwa nani. Nilimuuliza mzee wa mtumbwi kama amewahi kumsikia, nikataja jina. Akafikiri kwa heshima, akatikisa kichwa. Walikuwa wengi, mjukuu wangu, akasema. Waliobeba walikuwa wengi.

*

Ninyi wenzangu mnaotuma mashairi na hadithi kwenye kurasa hizi, mna kiu ya kuandika makubwa. Naijua kiu hiyo. Tunataka kuandika mapenzi ya Paris ambako hatujafika, au tunarudia kulaumu kwamba historia yetu iliandikwa na wageni. Ni kweli iliandikwa na wageni. Lakini yangu mimi, ile ya kigoda na mbuzi, haikuibwa na mgeni yeyote. Niliitupa mwenyewe, na nikapewa alama 18.

Nimejifunza swali moja tu katika safari hii, na nalitoa bure. Ukisoma mahali popote kwamba fulani aligundua, alivuka, alipanda, alijenga, uliza: nani alitangulia njiani? Kisha nenda ukamuulize, kama bado yupo. Wapimaji wa reli wa miaka ile, waliobeba minyororo yao wakiwa na miaka 20, leo wanapita 70. Mama wa kuni bado wapo, Sanje na Mang'ula. Wapagazi wa watafiti bado wapo. Daftari ni bei ya soda moja.

Nilirudi kijiweni na picha. Maporomoko, mchanga mweupe, perege kwenye moto. Jamaa wakakubali kwa shingo upande kwamba Karibiani imepata mshindani. Yule wa simu akazitazama moja moja, akafika kwenye ile ambayo kiongozi ametangulia, mgongo wake tu unaonekana na viatu vilivyolika kisigino.

"Na huyu anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Siku nzima alikuwa amenifundisha, na mimi nilikuwa nimemwita "kaka".

Siku ya pili nilipiga simu tatu mpaka nikampata. Akacheka sana. Akanitajia jina lake, na jina la mama yake, akanisaidia kumpata na yule mzee wa mtumbwi. Yote matatu yamo kwenye daftari langu, na chini yake nimeandika la babu. Hapa siyachapishi, kwa sababu nimeyaomba kwa ajili ya kuandika vizuri, na kuandika vizuri bado. Mwezi wa Agosti narudi. Safari hii sitakwenda kuogelea kwanza.